Ushahidi Wangu Dhidi ya Bi Zuhura

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilisimama mbele ya watu wazima nikatoa ushahidi, nao wakauamini, na ushahidi huo ulikuwa wa uongo. Tangu wakati huo nimekua, nimebatizwa, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha watoto shule ya Jumapili. Kila mwaka tunaifikia ile amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, nami huitamka kwa sauti thabiti huku watoto wakinifuatisha. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba naitamka dhidi yangu mwenyewe.

Tulikuwa tukiishi Kisauni, upande wa Frere Town, katika nyumba ya vyumba vilivyotazamana, ukumbi mrefu katikati, jiko na choo nyuma uani. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vyetu: mama, nyanya yetu ambaye kwa Kigiriama tulimwita Hawe, mdogo wangu Sidi, na mimi, Kadzo. Baba aliendesha malori ya masafa marefu, tukawa tunamwona kama mgeni. Mlango uliotukabili ulikuwa wa Bi Zuhura, mjane wa Kiswahili asiyejaliwa mtoto, ambaye kila alasiri alitoa karai lake barazani akakaanga bajia na viazi.

Sidi alikuwa na miaka minane, na mwili wa mtoto wa miaka sita. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao chembe nyekundu za damu hupinda zikawa na umbo la mundu, zikakwama njiani na kuvunjika kabla ya wakati wake. Tuliujua. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa, na macho yake yalikuwa na umanjano hafifu tuliouzoea kiasi cha kutouona tena. Maumivu yake tuliyajua pia: ya vidole, ya magoti, ya mgongo. Lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ugonjwa ule ungeweza kuweka mawe tumboni mwa mtoto, au kama tuliambiwa, hatukusikia.

Zongo, kwa upande mwingine, tulilisikia tangu kunyonya. Mtoto akila mbele ya mtu mwenye jicho baya, chakula humgeukia tumboni. Kwa hiyo tulikatazwa kula barazani. Na dawa ya zongo, Hawe alivyofundishwa na waliomtangulia, hutoka kwa yule yule aliyetazama: hutema mate katika maji, mtoto akanywa, jicho likajiondokea. Sisi tulikuwa Wakristo. Tuliimba kanisani Jumapili kwa vifua vilivyojaa, na tukirudi nyumbani tukafunga mlango ili tule. Hatukuona mgongano wowote, kama vile mtu asivyoona tundu la nguo aliyoivaa mgongoni.

Alasiri hiyo tulikuwa tumetoka shule. Bi Zuhura alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mtandio umemteleza mabegani.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, wanangu. Huyo mdogo mbona amenuna? Au leo mwalimu kamlia chakula chake?"

Sidi alicheka. "Sijanuna. Nina njaa."

"Basi hiyo njaa ndiyo ugonjwa pekee ninaojua kuutibu mie. Kadzo, niletee sahani. Na mkale ndani, Hawe wenu asije akanitolea maneno."

Alitujazia sahani bajia za moto, akamimina na chatne ya ukwaju pembeni. Mama alikuwa amenikataza kumlisha Sidi vitu vya mafuta kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu mara mbili tatu hapo nyuma alikuwa ametapika. Nilijua. Lakini bajia zilikuwa zinanukia, na ndani kulikuwa na joto, basi tukaketi pale pale kwenye ngazi ya baraza. Bi Zuhura aligeukia karai lake akatupa mgongo. Sidi alikula zake, kisha akala na zangu, nami nilimpa kwa furaha, kwani ni nadra kumwona akitamani chakula.

Jua halijatua alianza kulia. Hakikuwa kile kilio chake cha magoti. Alijikunja kama jongoo, mkono mmoja umeshika chini ya mbavu za kulia, mwingine umeshika bega la upande huo huo, akatapika hadi akabaki kutapika maji machungu. Mama alitupa mzigo wa nguo aliokuja nao kutoka kibaruani.

"Kadzo! Mlikula nini?"

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Hawe alinitangulia.

"Wewe nawe! Usimuulize walikula nini. Muulize nani aliwatazama."

Nimeyapima maswali hayo mawili katika mausiku mengi ya sala. Mama aliuliza swali la haki, swali ambalo daktari angeliuliza wiki tano baadaye. Hawe aliuliza swali la mila. Na mimi, mtoto mwenye mafuta ya bajia vidoleni, niliona mara moja kwamba swali la kwanza lingenitia hatiani na la pili lingeniokoa.

"Bi Zuhura," nikasema.

"Aliwatazama vipi?"

"Alimkodolea Sidi macho mpaka akamaliza."

Hakuna aliyeniomba niongeze hayo. Niliongeza mwenyewe, kwa maana uongo hautulii mpaka upewe nguo za kuvaa. Sidi aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Dada," akasema kwa sauti ya pumzi, "Bi Zuhura alikuwa akikaanga." Nilimtazama. Nilimtazama kwa ukali hadi akageukia ukuta akanyamaza. Kama siku ile palikuwa na jicho baya katika nyumba yetu, lilikuwa langu.

Wapangaji walikwishajaa ukumbini. Hawe aligonga mlango wa Bi Zuhura kwa ngumi.

"Abee?"

"Toka, Zuhura. Mtoto amepigwa zongo. Tunataka mate yako."

Alitoka akijitanda mtandio, uso umemjaa fadhaa. "Mate yangu? Wallahi mie sikuwatazama. Nilikuwa nimewapa mgongo, nageuza viazi. Na niliwaambia wakale ndani. Muulizeni Kadzo huyu, si yupo?"

Watu wote walinigeukia. Naamini kwamba Mungu, kwa rehema zake, alinipa pale nafasi ya pili, ambayo wengi hawapewi. Nikasema, "Alitutazama."

Bi Zuhura alinitazama basi, kwa mara ya kwanza siku ile, kwa muda usiozidi pumzi moja. Kisha Sidi akapiga ukelele chumbani, na uso wa mwanamke yule ukabadilika. "Leteni kikombe," akasema. "Kama mate yangu yatamtuliza mtoto, mimi ni nani nimnyime? Lakini jicho sina. Hilo mlijue." Akatema mara tatu. Mama akapeleka kikombe ndani bila kumtazama usoni.

Na Sidi akatulia. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Haikupita saa mbili, maumivu yakamwachia akalala, na asubuhi akaomba uji. Siku hizi najua kwamba ndivyo maumivu ya namna ile yanavyofanya: jiwe husogea likabana mlango wa kifuko cha nyongo, kisha likarudi nyuma, na mtu akadhani amepona. Lakini nyumba nzima ilikuwa imeona kwa macho yake. Ukarimu wa Bi Zuhura ndio uliomhukumu. Angekataa kutema, pengine wengine wangesema anaonewa. Alipokubali, wakasema amekiri. Nilipokuwa msichana mkubwa nilisoma katika Torati habari za mke aliyeshukiwa, aliyenyweshwa maji machungu ili hatia yake ionekane, nikafunga kitabu nikatoka nje.

Yaliyofuata yalikuwa ya kila siku. Watoto walifunika sahani zao kwa viganja alipopita ukumbini. Wateja walihamia kwa muuzaji mwingine karibu na barabara ya Malindi. Mama Tabu, mpangaji wa chumba cha mwisho, mwenye ulimi wa kuchekesha watu, alimwambia mbele ya wote uani, "Bi Zuhura, siku hizi ukikaanga ujifunge kitambaa machoni, utuachie watoto wetu wazima!" Wanawake waliangua kicheko. Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu ningependa kulisahau.

Wiki tatu baadaye maumivu yalirudi, baada ya sherehe ya kanisa ambapo Sidi alikula pilau yenye mafuta mengi. Bi Zuhura hakuwapo, alikuwa kwake. Ungedhani jambo hilo lingetufungua macho. Hawe alisema jicho lake bado halijatoka lote.

Kisha ikaja ile asubuhi ya uani. Mama alikuwa akimwogesha Sidi kwenye mwanga, na Bi Zuhura alikuwa akichota maji, amegeuza uso ukutani kama alivyozoea kufanya tangu tulipomfedhehesha. Nilimwona akisita. Akaweka ndoo chini.

"Mama Kadzo, unisamehe kukusemesha. Mtazame mtoto machoni. Si ule umanjano wake wa kila siku. Leo yamekuwa kama bizari. Na mkojo wake, asubuhi nimeingia chooni nyuma yake nikauona, ni mweusi kama chai ya rangi. Nakuomba kwa Mungu, mpeleke hospitali leo."

Mama alimwinua Sidi kidevu. Nadhani aliona. Lakini Hawe alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemsikia? Umesikia anavyokiri kwa kinywa chake? Anamtazama mpaka mkojo!"

Mama akamfunika mtoto kwa kanga, akamwingiza ndani haraka. Tangu siku hiyo kila Sidi alipopita ukumbini alifunikwa uso, ili Bi Zuhura asimwone. Na kwa kuwa alikaa chumbani gizani na kanga usoni, sisi pia hatukumwona. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa amemtazama mtoto wetu jinsi mtoto apaswavyo kutazamwa, nasi tukamshtaki kwa kutazama.

Juma hilo hilo Bi Zuhura alipakia vyombo vyake kwenye mkokoteni akahamia kwa ndugu yake Likoni. Hakuna aliyetoka kumuaga. Mimi nilichungulia kwa pazia.

Siku ya tisa tangu asubuhi ile ya uani, Sidi alishikwa na homa ya kutetemeka hadi meno yakagongana. Hawe alikuwa ameanza kumkanda tumbo kwa mafuta ya nazi. Mama alimwondoa mikono, bila neno la ukali, akambeba mtoto mgongoni akatoka. Sisi tulimfuata.

Katika hospitali ya kisiwani alitupokea daktari mmoja mwanamke, mwenye sauti ya taratibu. Alimpiga Sidi picha ya tumbo, akatuita kando.

"Kifuko chake cha nyongo kina mawe," akasema. "Na moja limeteremka likaziba njia. Ndiyo sababu amekuwa manjano hivi, na sasa uchafu umeingia humo ukazaa homa."

Hawe alipiga makofi. "Mawe! Si niliwaambia? Mtoto ametupiwa!"

Nilitazamia daktari acheke. Hakucheka. Alivuta kiti akaketi mbele ya Hawe magoti kwa magoti, akasema, "Hakuna aliyetupa, Nyanya. Damu yake mwenyewe ndiyo iliyoyatengeneza. Chembe za damu za mtoto huyu huvunjika upesi. Zikivunjika huacha rangi ya manjano, na ini huitupa rangi ile katika nyongo. Ikizidi, nyongo huwa nzito, ikaganda, ikawa changarawe, kisha mawe. Watoto wengine hupata kwa unene, wengine kwa kukaa muda mrefu bila kula kwa kinywa, wengine kwa dawa fulani. Huyu wa kwetu ni kwa damu."

"Nani basi aliyekosa?" Hawe akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mwanamke mzee aliyechoka.

"Hakuna."

Ni swali la kale sana. Wanafunzi waliliuliza walipomwona kipofu njiani, wakitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, nao wakajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi. Lakini kwetu pale kulikuwa na aliyetenda dhambi. Dhambi yangu haikuuleta ugonjwa, iliupa muda.

Kwa maana daktari aliuliza, "Maumivu yakianza, huwa amekula nini?" Mama akanitazama. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, "Bajia. Alikula zake na zangu. Na mara ya pili pilau." Daktari aliandika. "Mafuta hukifanya kifuko kijikamue," akasema, "na kikijikamua juu ya mawe ndipo huuma. Na macho yalianza lini kugeuka hivi?"

"Jirani mmoja alituonyesha," mama akajibu. "Yapata siku tisa."

"Jirani huyo anajua kutazama," daktari akasema bila kuinua kichwa. "Mngekuja siku hiyo."

Walimtundikia maji, wakampa dawa za maumivu na za kuua vijidudu kwa mshipa. Walimwongezea damu, kwa kuwa mwili kama wake haupelekwi kwenye kisu bila matayarisho. Waliizibua ile njia kwanza. Homa ilipotulia wakakitoa kifuko chenyewe, maana mawe pekee yangetolewa, mengine yangejijenga. Daktari alituambia kwamba wapo watoto wenye mawe yasiyowasumbua, ambao huangaliwa tu. Lakini anayeumwa hapaswi kungojeshwa, na mtu huishi vizuri bila kifuko hicho. Kulikuwa na siku moja, kabla ya upasuaji, ambapo Sidi hakututambua. Mama alikaa sakafuni kando ya kitanda, midomo ikienda. Mimi nilisimama dirishani nikiahidi mbinguni kwamba akiishi nitasema kweli.

Aliishi. Sikusema.

Sidi sasa ni mwanamke mzima, anaishi Utange, bado anahudhuria kliniki yake na bado ana siku zake za magoti. Ni yeye aliyenituma, mwaka jana. Tulikuwa tukimenya viazi, akasema ghafla, "Dada, wewe unafundisha watoto wa watu. Utakwenda lini Likoni?" Hatukuwa tumelizungumza jambo hili hata mara moja maishani mwetu. Nilivuka feri Jumamosi iliyofuata.

Bi Zuhura alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha ndugu yake, amezeeka, mikono bado ina alama ndogo ndogo za mafuta ya karai. Nilifunga mlango nyuma yangu. Nilipiga magoti nikamwambia yote: bajia, ngazi ya baraza, mgongo wake, maneno yangu mawili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, mwanangu."

"Mbona hukusema, Bi Zuhura?"

Alinitazama kana kwamba swali langu limemshangaza. "Nilisema. Si ulikuwapo?"

Alinimiminia chai, akauliza habari za Sidi, akafurahi kusikia kwamba ana mtoto na kwamba mtoto amepimwa damu tangu alipozaliwa. Nilipoinuka kuaga, nikamwomba msamaha tena, aliushika mkono wangu.

"Wewe nimekusamehe zamani. Ulikuwa mdogo. Lakini siku ile ukumbi ulijaa watu, Kadzo. Leo umekuja umenifungia mlango."

Alisema kwa upole, ndiyo sababu nilishindwa kulala.

Nilianza na mama. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeanza kuuliza neno la haki akaliacha, na kwamba atavuka feri mwenyewe kabla ya Krismasi. Alivuka. Hawe amelala kaburini akiamini nilichomwambia. Kwake siwezi kufika.

Mama Tabu nilimpata Bamburi, kwa bintiye. Alinikaribisha kwa vicheko vyake vile vile. Nilipomaliza kusema, vicheko vilikuwa vimekwisha.

"Kwa hivyo hakuwa na jicho?"

"Hakuwa nalo, Mama Tabu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Aligeuka akatazama uani, ambako mjukuu wake, msichana wa miaka mitano hivi, alikuwa akila muhogo, kiganja kimoja kimefunika sahani. Hakuna aliyekuwa akimtazama. "Nimemfundisha hata huyu," akasema.

Mtoto yule hakuwa amezaliwa siku nilipofungua mdomo wangu, wala mama yake hakuwa ameolewa. Naamini damu ya Mwana-kondoo husafisha. Ningekufa kama nisingeamini. Lakini msamaha niliopewa mimi haukuwaendea waliosikia. Wao wanapaswa kuendewa kwa miguu. Wapangaji wengine wa nyumba ile walitawanyika, wengine Changamwe, wengine bara. Ninayo majina yao, na Jumamosi zangu nimeziacha wazi.